Uzi wa Kivuli cha Yavor

Unywele wa kwanza Gergina aliuona asubuhi, umechomoza kwenye udongo mbichi wa ukuta wa meko, mrefu kama kidole. Hakushtuka. Mafundi wa milima ya Rodopi huchanganya udongo na manyoya ya mbuzi ili ushikane, na ukuta huu fundi Velko alikuwa ameukandika jana yake tu. Lakini mbuzi gani ana nywele za hudhurungi zilizojikunja nchani? Akaushika kwa kucha mbili, akauvuta. Ulitoka na kishina cheupe chenye unyevu.

"Ala!" Yavor, mumewe, aligutuka kitandani, mkono utosini. "Nani kanivuta nywele?"

Walikuwa wamekikodi kile kibanda cha magogo kwa siku nne ili wapumzike na kelele za jiji la Plovdiv. Kilijengwa na wachoma mkaa karne mbili nyuma, katikati ya msitu wa misonobari, na chote kilikuwa mbao isipokuwa ukuta mmoja wa mawe, ule wa meko, ambao haukupata kumaliza mwaka bila kuanguka. Yavor ndiye aliyekitaka. Gergina alikubali shingo upande, maana yeye alikuwa mwanamke mwenye kinyaa. Kazi yake ilikuwa kunusa maziwa kiwandani, na pua ya namna ile haiendi likizo.

Basi jana yake, Velko alipokuwa akipima pengo la ukuta kwa uzi wa pamba, Yavor alikuwa amesimama juani pale mlangoni, kivuli chake kimelala sakafuni hadi kwenye mawe. Akaropoka, "Nipime na mimi, fundi! Ukuta wako upate mwanamume wa kuushikilia!"

Mtoto yeyote wa milima ile angejua alichokuwa akikichezea. Waashi wa zamani walikuwa wakiiba kipimo cha kivuli cha mpita njia na kuuzika uzi ule ukutani, jengo lisimame. Mwenye kivuli alikufa ndani ya siku arobaini, akageuka jini la jengo lile, wanaloliita talasami. Babu yake Yavor mwenyewe alikuwa mwashi, ndiyo maana utani ule ulimtoka kirahisi. Velko naye, pombe ya rakia ikiwa imeshampanda kichwani, akanyoosha uzi toka utosi hadi kisigino cha kivuli. Wakacheka. Halafu mkono wa fundi, kwa mazoea tu, ukausokomeza uzi kwenye udongo. Gergina aliona yote, na yeye pia alicheka.

Siku arobaini, walisema wazee. Ukuta ule haukuwa na subira hiyo.

Kufika adhuhuri ule unywele mmoja ulikuwa umeshakuwa shungi. Udongo ulitoka jasho, tena si maji, ni mafuta mazito ya manjano yaliyochuruzika hadi kwenye majivu, na chumba kikanuka kwapa la mgonjwa na kinywa kisichosafishwa. Gergina aliugusa ukuta kwa kidole. Ulikuwa na joto, na pale alipougusa ukaota vipele vya baridi. Alikimbia nje akatapika kwenye majani ya misonobari.

Aliporudi, Yavor alikuwa mezani mbele ya kipande cha banitsa, andazi la jibini, alichoshindwa kukitafuna.

"Jibini imeharibika," alisema. "Ina ladha ya dongo."

"Jibini nimeinusa mimi, ni nzima. Hebu fungua mdomo."

Akafungua. Ulimi wake ulikuwa wa kijivu, umepasuka kama tope lililokauka, na alipokohoa, chembe za udongo zilimwagikia sahani. Wakatazamana. Kule mekoni, ukuta nao ukakohoa kikohozi kilekile.

"Gergina," alinong'ona, "tangu asubuhi nasikia baridi mgongoni, kama mtu aliyeegemea mawe."

Hapo alikuwa ameketi kwenye kigoda, nyuma yake hamna kitu.

Gergina alishuka bondeni mbio, akiteleza na kuinuka, mpaka nyumbani kwa Bibi Zafira, mwenye kibanda. Hakumaliza hata maelezo. Bibi alitupa ndoo ya maziwa, akaenda kumtoa Velko chini ya kivuli cha mzinga wake wa nyuki, akamburura kwa ukosi wa koti njia nzima ya mlima.

"Mbwa mzee wewe! Umepima mtu kwenye nyumba yangu?"

"Alinitania, Zafira, nami nikamtania."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha! Haya, njoo uuone usaha wako!"

Na kweli ulikuwepo. Kati ya mawe mawili ukuta ulikuwa umepasuka, kingo za ufa zimevimba na kulowa, zikifunguka na kufunga polepole. Kitandani Yavor alikuwa amekondeana, ngozi inambambuka vumbi, midomo imegandamana kiasi kwamba hata kijiko hakikupita. Ukuta ulinenepa, yeye akakauka.

"Tuuchome huo uzi," Gergina alisema.

"Ukiuchoma, ataungua. Ukiukata, atakatika. Kivuli kinarudi mwilini kwa mdomo, mwanangu, hakuna njia nyingine. Na mdomo wake umeshafungwa."

"Basi?"

Bibi Zafira alimshika mabega. "Basi mdomo wa mwenzake wa kitanda. Kitahitaji pa kukaa. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Velko alibandua udongo kwa kucha, nao ukatoka kwa tabaka laini kama utando wa maziwa yaliyochemka, na nyuma yake ukaonekana uzi, ule uzi mwembamba wa jana, sasa mnene kama utumbo wa kuku, wenye mishipa inayopigapiga na nywele fupi za hudhurungi, umelowa ute wa kijivu uliovutika na kudondoka mekoni, na kadiri Gergina alivyouvuta ndivyo Yavor alivyojikunja akilia kwa sauti mbili, moja kifuani mwake na moja mle ndani ya mawe, na harufu ikampanda puani, maziwa yaliyooza na damu na jasho la usingizi la mume wake mwenyewe, jasho alilolijua kuliko harufu yoyote duniani, akafumba macho, akafungua mdomo, akauingiza.

Ulikuwa na joto. Ulijisogeza wenyewe juu ya ulimi. Koo lilikataa, ukarudi na nyongo hadi kwenye meno, akaziba mdomo kwa mikono miwili akameza tena, machozi na kamasi vikimtiririka, huku Bibi Zafira akimsugua mgongo na kumwambia, "Meza, mama, meza, umebaki kidogo." Mwisho wa uzi ulipopita, ukuta ulitoa pumzi ndefu kama ya mtu aliyeshiba, kisha mawe yote yakaporomoka kwa pamoja.

Yavor alifumbua macho. "Nina njaa," alisema.

Waliondoka jioni ileile. Yavor aliendesha gari akiimba, midomo myekundu, akala nusu mkate njiani. Gergina hakuthubutu kufumbua kinywa, uzi usije ukatoka. Chini ya mlima walisimama kwenye kibanda cha wauza jibini, Yavor akashuka kununua.

Hatua ya kwanza aliyoipiga, kitu kilikazika tumboni mwa Gergina. Ya pili, kikavutika. Ya tano, uzi ule ukapanda hadi kooni na kumkunja juu ya dashibodi, naye akaelewa ukuta sasa ni nani.

"Yavor! Usiende mbali!"

Yavor aligeuka, akacheka, akambusu kwa mbali. "Mke wangu, unanionea wivu hata kwa wauza jibini?"

Akapiga hatua nyingine.