Mtu wa Kumi na Mbili

Siku ile mjinga alikuwa Lusajo, na tuseme mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Alikuwa mhandisi aliyesoma mpaka vitabu vikamkimbia, lakini asubuhi ile alisimama kwenye mvua ya Tukuyu, mbele ya kanisa la Mtaa wa Majani, akiitazama kazi ya mikono yake kama baba anayemtazama mwanawe siku ya mahafali.

Kazi hiyo iliitwa Bawabu. Haikuwa mtu, ilikuwa fremu nyeupe ya chuma iliyoukumbatia mlango wa kanisa, ikisalimia kila anayepita kwa sauti ya binti mpole. "Karibu. Wewe ni wa tatu. Karibu. Wewe ni wa nne." Kila msikiti, kila kanisa na kila hekalu mjini lilikuwa na Bawabu wake, kwa sababu ya Homa ya Nyuki, ugonjwa unaokifanya kifua cha mtu kivume kama mzinga. Sheria ilisema nyumba ya ibada isizidi watu kumi na wawili.

"Kumi na wawili ni mitume," Mchungaji Anyosisye alipenda kusema. "Ila mkumbuke kwamba siku ya karamu Bwana mwenyewe alikuwa wa kumi na tatu. Leo Bawabu angemwacha nje na mkate wake."

Watu walicheka, na Lusajo alicheka nao, ila kicheko chake hakikufika tumboni. Yeye alikuwa mwimba besi wa kwaya ile. Sikukuu ya mavuno, kabla ya sheria, waliimba asubuhi nzima madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Mwezi haukuisha, sauti ya pili yote ikawa makaburini. Tangu siku hiyo, kila Lusajo alipoambiwa habari za uhuru wa kuabudu, alijibu kwamba wa sauti ya pili waliabudu kwa uhuru kabisa.

Kumtengeneza Bawabu hakukuwa kazi nyepesi, maana waumini ni watu wenye akili. Bawabu wa kwanza alihesabu pumzi. Wazee wakawa wanabana pumzi mlangoni kama wapiga mbizi, wanaingia, halafu wanakohoa pamoja chini ya mimbari. Wa pili alihesabu joto la mwili; kina mama wakapita na mifuko ya barafu ndani ya khanga, wakitetemeka na kumsifu Mungu. Ndipo Lusajo akabuni wa tatu, ambaye hutuma mawimbi yanayopenya nguo na nyama, na kusoma mifupa. Mifupa haibaniki wala haipozwi. Watu wakaanza kupokezana: mmoja anatoka, mwingine anaingia, mwisho wa ibada mtaa mzima umeshapumulia mle. Lusajo akaziba na tundu hilo. Bawabu akishatimiza hesabu hufunga mlango, na wa ndani anaweza kutoka, lakini wa nje haingii tena mpaka ibada iishe.

"Hata mimi sina njia ya kumshawishi," alijisifu mbele ya wakubwa wa afya. Alikuwa na ufunguo mmoja tu, wa moto, wa kuvunjia kufuli nyumba ikiungua.

Asubuhi hiyo walikuwa wanamzika Mama Tusekile, kiongozi wa kwaya. Homa haikumuua, moyo ndio uliochoka. Yeye ndiye aliyemfundisha Lusajo besi, kwa makofi mengi ya kisogo. Ukoo ulikuwa umegombana siku mbili kuchagua watu kumi na wawili wa kuingia naye, na kibali cha mazishi kilikuwa kinakoma saa sita. Wengine wote walitawanyika mteremkoni na miavuli yao, huku mashine za kuchuma chai zikiendelea na kazi nyuma yao bila kujua kuna msiba.

Jeneza liliingia mabegani mwa wajomba. Mchungaji akaingia, shangazi wakaingia, mpiga kinanda akaingia. Wa mwisho alikuwa awe Subilaga, kitinda mimba wa marehemu. Katika ukoo ule kitinda mimba ndiye hubaki nyuma kuufunga mlango wa nyumba ya mama yake, kisha hufuata jeneza peke yake.

Alikuja ameloa, viatu mkononi. Alipoweka mguu kizingitini, Bawabu alisema kwa upole, "Nyumba imejaa. Mungu awabariki." Mlango ukajifunga.

Hilo la Mungu awabariki aliliongeza Lusajo mwenyewe, watu wasije wakaona wamefukuzwa.

"Mhandisi!" Sauti ya Mchungaji ilitoka kwenye kipaza sauti cha mlangoni. "Mtoto wa marehemu umemfungia nje!"

"Mmezidisha mtu, Mchungaji."

"Tumezidisha nani? Tuko kumi na mmoja. Nimewahesabu mimi, na mimi hesabu nilifaulu. Aliyefeli hapa tunamjua."

Lusajo akafungua kioo chake cha mkononi. Mifupa ya watu kumi na wawili ilikuwa mle ndani. Kumi na mmoja walikuwa wamesimama au wamekaa, mmoja anajikuna. Wa kumi na mbili alikuwa amelala chali katikati, mikono kifuani, katulia kuliko wote.

Majaribio yote aliyafanya kwa watu wazima, kwa watoto, hata kwa mama mjamzito. Kuna aina moja ya muumini ambayo hakuikumbuka.

"Kaka Lusajo," Subilaga alisema. "Kuna nini?"

Alimweleza, huku akitazama viatu vyake mwenyewe. Hesabu ingesahihishwa, lakini amri mpya huwafikia Mabawabu wote kwa pamoja alfajiri, kwa hiyo mpaka kesho.

"Na kesho mama yuko wapi?"

"Chini," Lusajo akasema kwa sauti ndogo.

"Una ufunguo. Kila mtu anajua una ufunguo."

"Wa moto, Subi." Mkono wake ulikuwa tayari mfukoni, umeushika. "Nikifungua hapa kwa msiba, kesho Shehe atakuja na msiba wake, keshokutwa ni harusi, Jumapili ni kipaimara. Kila mmoja atakuwa na haki. Na kwaya ya mavuno ilikuwa na haki pia. Wewe umewasahau?"

"Sijawasahau. Mama alikuwa anawaita kwa majina yao kila jioni."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa. Ndiyo maana nilikaa nje Jumapili zote hizi, na Krismasi, na sikuwahi kubeba barafu. Leo sijaja kuongeza mtu. Wa kumi na mbili ni mimi."

Lusajo alikuwa ameshindwa, na mtu aliyeshindwa akiwa amesoma sana ni hatari. Alijinyoosha.

"Tuwe wakweli," akasema, kwa ile sauti ya kwenye vikao. "Mashine haijakosea. Sheria inasema mtu, na Bawabu kahesabu mtu. Ulitaka nimwandike mama yako kama nini? Kama kiti? Kama mzigo? Mimi nimempa heshima yake. Mle ndani Mama Tusekile ni mtu kama wengine."

Subilaga aliinama, akaweka viatu vyake chini taratibu, akajifuta mvua usoni.

"Haya, kaka," akasema. "Basi mwambie atoke mara moja, mimi niingie nimzike."