Leseni Mpya ya Kaka Nelson

Jumamosi nyumba ya kina Namnyaki pale Sombetini, Arusha, haikosi watu. Mama yake husuka nywele barazani, na wanaosubiri zamu hukaa mkekani, chai mkononi, wakichambua habari za mtaa mzima. Namnyaki, msichana wa darasa la saba, kazi yake ni kuongeza chai na kutega sikio.

Siku hiyo habari ilikuwa ya kwao wenyewe. Mwaka uliopita Kaka Nelson, kijana anayefundisha kompyuta mtaani, alitengeneza programu ya kuwafundisha watoto Kimaasai. Alisema ni programu huria: leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuibadili, kuinakili na kuigawa bila kumwomba mtu. Mtaa ukajitolea. Akina mama walitoa maneno, wanafunzi wakayachapa, na Namnyaki akamsihi bibi yake, Koko Anyesi, arekodiwe akiimba nyimbo za kubembeleza watoto.

Koko alisitasita. Alikubali tu Namnyaki alipomwahidi kwamba sauti yake itawafikia wajukuu wa watu wote, asizuiwe hata mmoja. Nelson naye aliinamisha kichwa kama mtoto, Koko akakigusa. Kwa Waarusha, wanaosema Kimaasai, heshima hiyo inatosha kuwa ahadi. Hakuna aliyeuliza kesho atakayeamua juu ya leseni ni nani.

Sasa toleo jipya lilikuwa limekuja na leseni mpya: marufuku kunakili wala kugawa bila idhini ya Nelson.

"Si ndiye huyu aliyekuwa anakula hapa?" aliuliza Mama Saruni, kichwa kimesukwa nusu. "Tena anaongeza."

Walicheka, lakini kwa uchungu. Mmoja alitaka atolewe kwenye kundi la simu. Mwingine alimtetea kwamba kijana naye ana maisha yake, akanyamazishwa kabla hajamaliza. Namnyaki hakucheka. Alikuwa ameahidi kuipeleka programu hiyo shule ya kijijini kwa Koko, mlimani, ambako kompyuta zilikuwa zimefika juzi tu. Akawaza kuinakili kwa siri, Koko asijue lolote.

Mama aliusoma uso wake. "Usimfiche," alisema. "Ukimficha, mtakuwa wawili mliomdanganya."

Mchana ule Namnyaki alipanda kwa Koko. Alimkuta akimenya ndizi. Akampa shikamoo, akamweleza yote. Koko alimsikiliza hadi mwisho, kisu kimetulia mkononi.

"Nelson kwangu alikuwa mgeni tu," alisema taratibu. "Niliyemwamini ni wewe."

Namnyaki alishuka mlima akilia.

Jumatatu alimweleza Mwalimu Prisca, msimamizi wa klabu ya kompyuta shuleni. Mwalimu alifungua kompyuta, akasoma, akatikisa kichwa. Leseni mpya, alieleza, inalishika toleo jipya peke yake. Toleo la zamani lilitolewa kwa leseni ya zamani, na Nelson hawezi kuwanyang'anya watu kile alichokwisha kuwapa. Nalo bado lilikuwemo kwenye kompyuta za shule.

Hata hivyo Mwalimu alimwita Nelson. Alikuja amenuna. Alisema kampuni moja ya mjini iliichukua programu ikaiuza kama mali ya kampuni, ndiyo maana akaamua kufunga kila kitu.

"Mimi ndiye niliyekesha," alisema.

"Ulikesha," Mwalimu alikubali. "Ulikesha na maneno ya nani?"

Mwishowe Nelson aliahidi kuziondoa nyimbo za Koko kwenye toleo lake. Wanafunzi wakalichukua lile la zamani, wakalipa jina jingine, wakaendelea nalo chini ya leseni ileile ya mwanzo.

Ijumaa Namnyaki na Mwalimu Prisca walilipeleka mlimani. Koko alisimama mlangoni mwa darasa, akasikia sauti yake na watoto wakiifuatisha. Alijifuta macho kwa pembe ya shuka.

"Kuchoka na ahadi si kosa," aliwaambia. "Kosa la Nelson ni kwamba alitoa neno mbele yetu sote, akalibadili akiwa peke yake. Ukiona ahadi imekushinda, warudie uliowaahidi, uwaambie wewe mwenyewe, kama huyu mjukuu wangu."

Namnyaki aliuliza kama Nelson amesamehewa.

"Aje mwenyewe," alisema Koko. "Chai ipo. Atainywa baada ya kunisikiliza."