Kilio Ndani ya Kanda

Sogeeni basi, na mwenye redio aizime kwanza, maana haya ninayowasimulia yalianzia kwenye kidude cha namna hiyo hiyo. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, kule Marereni kwenye mashamba ya chumvi, na mwanamke aitwaye Kadzo alikuwa akimlilia mumewe aliyepigwa na radi siku mbili nyuma. Mbele yake aliketi Simeon Ndirangu, mwandishi wa habari wa Malindi, na katikati yao, juu ya mkeka, kulikuwa na kinasa sauti kipya. Kadzo alilia kilio cha kutoka tumboni. Simeon alipoona yamemtosha akabonyeza kitufe, na kilio kikakoma. Hakikupungua kidogo kidogo kama vilio vya watu. Kilikoma. Mjane akajipangusa uso kwa pindo la leso, macho makavu, akamuuliza mgeni kama atakunywa chai.

Simeon akanywa chai, akaenda zake.

Alikuwa mtu wa bara, aliyeletwa pwani na gazeti lake yeye na mkewe Nyakio na binti yao Monicah, wa miaka mitano. Kabla ya kidude hicho, kazi yake ilikuwa kalamu na daftari. Mtu akilia, Simeon hungoja. Akimeza neno, humwomba alirudie, na kwa kurudiarudia huko huwa ameshaketi msibani nusu siku, ameshalishwa, ameshaambiwa hata yasiyo ya gazetini. Kisha hupanga foleni posta apige simu, aisome habari yake neno kwa neno, na huko ofisini Mombasa waiandike. Ndipo bosi wake, Thuku, alipokuja na kile kidude akamwambia kwamba wasomaji wa siku hizi wanataka maneno yalivyotoka kinywani, si yalivyokumbukwa. Simeon akakipokea. Tangu hapo alibonyeza kitufe, akajiegemeza, akawatazama mbuzi wa watu huku akiwaza chakula cha mchana. Kidude kilimsikilizia. Mimi simlaumu sana, nani asiyependa kupunguziwa kazi? Lakini kuna kazi za kupunguziwa, na kuna kazi nyingine.

Habari ya Kadzo ilitoka ukurasa wa kwanza. Ikafuata ya mzee aliyeunguliwa na nyumba, ikafuata ya mama aliyefiwa na wanawe pacha, na wote hao, kitufe kikibonyezwa, walinyamaza papo hapo na kuanza kuuliza mambo ya kuku au ya mvua. Simeon aliliona hilo. Akajiambia kwamba kidude kina baraka ya kuwatuliza watu. Kitu kimoja tu hakukielewa, kwa nini kanda ilikuwa ikinuka chumvi mbichi na ubani, hata baada ya kukaa kabatini wiki nzima.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Monicah alikuwa akiimba uani. Simeon akaona amrekodi, nyanya yake huko Murang'a apate kumsikia. Mtoto akaimba, akacheka, akajikwaa kwenye ndoo, akaangua kilio, na baba mtu akacheka akaona na hicho pia ni kizuri, akakinasa chote. Kisha akabonyeza kitufe.

Monicah akanyamaza. Akainuka, akaenda kuketi barazani.

Kuanzia siku hiyo mtoto alikula akipewa, akalala akilazwa, akaitika akiitwa, basi. Hakucheka wala hakununa. Na Jumatano, Simeon aliporudi kula, alimkuta mkewe ameketi sakafuni amempakata, mkono wa kulia wa mtoto umefungwa kitambaa.

"Baba Monicah," Nyakio alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili. "Nimemkuta ameshika jiko. Ameliwekea kiganja, ananitazama tu. Nilinusa ngozi ikiungua ndipo nikageuka."

Simeon akafungua kitambaa, akayaona malengelenge. Alijua kwamba hapo baba huumia. Akangoja aumie, na alichokipata ni kujikuta akipanga jinsi sentensi ya kwanza ingeanza, kama ingekuwa habari ya gazeti.

"Mtoto asiyelia," mkewe akaendelea, "ataumwa na nyoka hapo nje atuletee mguu kimya kimya, na tutamkuta ameshakufa. Sitaki kitu kingine. Nataka mwanangu alie."

Ni wakati huo, saa saba ya mchana, jua limesimama juu ya mabati na mtaa mzima umejifungia, waliposikia kilio. Kilitoka kabatini. Simeon akafungua, akakitoa kidude, akang'oa betri moja moja akazipanga mezani, na gurudumu la kanda likazidi kuzunguka, taratibu, na mjane wa Marereni akalia humo ndani, na mzee wa nyumba iliyoungua akalia nyuma yake, na mama wa pacha, na juu ya wote sauti nyembamba waliyoijua, ikiita baba, baba, huku mwenye sauti hiyo ameketi mapajani mwa mama yake, ametulia, anatazama nzi, na harufu ya chumvi na ubani ikajaa nyumba hadi Nyakio akajiziba pua kwa leso akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

"Umeleta nini nyumbani kwangu?" akamnong'oneza.

Hapo Simeon akakumbuka Kakoneni. Siku ya kwanza kabisa ya kile kidude alikwenda huko kuandika habari za mganga mmoja, mama mtu mzima aitwaye Menza, aliyekuwa akimtoa kijana jini. Kabla hajaanza, Menza aliamuru kila kitu kitupu chenye kifuniko kitolewe nje ya nyumba: mitungi, vibuyu, chupa, hata kopo la mafuta ya nywele, kwa kuwa jini anayetolewa hutafuta pa kujificha. Watu wakatoa. Simeon alikuwa na kidude chini ya koti, na ndani yake kanda mpya isiyo na neno hata moja. Akaona sharti lile ni la vibuyu, halimhusu mtu wa gazeti. Akabonyeza kitufe humo kotini.

Kesho yake asubuhi alikuwa Kakoneni. Menza alikuwa ukumbini akishona makuti, na hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe." Akakitazama kidude, akatema mate pembeni. Alimweleza kwa hasira kwamba siku saba nzima alihangaika kutafuta jini yule kapotelea wapi. Kisha akamuuliza amenasa akina nani, na Simeon akawataja wote mpaka kwa mwanawe. Bibi akaacha kushona.

"Watu walikupa vilio vyao, mwanangu, nawe hukuvipokea. Vilikosa mwenyewe. Jini yule akavichukua."

"Nifanye nini?"

"Uketi uvisikilize. Vyote, tangu mwanzo, bila kalamu, bila kutazama nje. Vikipata mtu vitarudi kwa wenyewe, na yeye atatoka. Vyombo vitupu nitaviondoa mimi." Akamkazia macho kitambo. "Lakini niambie kweli. Ndani yako mna kitu?"

Simeon akajibu kwamba mna kitu. Hakuwa akidanganya kwa makusudi. Hakuwa amejitazama muda mrefu.

Adhuhuri wakamketisha kwenye kigoda katika nyumba iliyotolewa hata sufuria. Menza akafukiza ubani, na kidude kikaanza chenyewe. Kadzo akalia, na Simeon akasikiliza, akamsikia akimtaja mumewe na shati alilomfulia siku ile ya radi, jambo ambalo hakulisikia pale mkekani, na mzee akalia, na yule mama akawaita pacha wake kwa majina, na kila kilio kilipokwisha kitu kama upepo kilipita mlangoni kikaelekea kilikotoka, na Simeon akazidi kungoja uchungu umfike, akajilazimisha, akayafumba macho, akayafikiria malengelenge ya mwanawe, na Monicah akaimba, akacheka, akaangua kilio, na hata hapo uchungu haukumfika, na kanda ikakatika, na harufu ya chumvi ikamwingia puani baridi kama maji ya mtungi, ikateremka, ikatulia kifuani.

Menza akamwaga majivu mlangoni akasema limekwisha. Simeon akamshukuru.

Alipokaribia nyumbani Malindi alisikia mtoto akilia. Majirani walikuwa wamejaa uani, na Nyakio anacheka na kulia kwa pamoja, akimwambia kila mtu kwamba ilianza adhuhuri ile ile, ghafla, mtoto kaukumbuka mkono wake. Monicah alipomwona baba yake akamkimbilia, uso umelowa, mkono uliofungwa ameuinua juu. Simeon akainama akambeba.

Mtoto akanyamaza papo hapo.

Simeon akamtazama usoni. Machozi yalikuwa yangali mashavuni, lakini macho yalikuwa makavu, yanatazama nzi. Kifuani mwake yeye Simeon kitu kikaanza kuzunguka, taratibu.

Akamweka chini. Akarudi nyuma hatua moja, na mdomo wa mtoto ukatetemeka. Akarudi hatua nyingine, na mtoto akaanza kwikwi. Akapita kati ya majirani akafika barabarani, na nyuma yake Monicah akapaza sauti, akalia kama mtoto yeyote aliyeungua. Nyakio akamwita aje ambembeleze mwanawe. Simeon akamtikisia kichwa, akasogea mbali kidogo tena, ili alie vizuri.