Siku ya Tano Uwanjani Voi

Saa kumi kasorobo alasiri, Mizani ilianza kuinama juu ya uwanja wa Voi, na watu elfu thelathini wakaanza kukunja mikeka yao ya kukalia.

Ilikuwa mizani hasa, yenye mkono mrefu na visahani viwili, ila ilifumwa kwa mwanga mtupu na ilielea hewani mita mia moja juu ya nyasi. Chini yake walizunguka nzi-jicho elfu kumi na mbili, vidude vidogo kuliko punje ya mtama, vikipima kila kitu: mzunguko wa mpira, unyevu wa udongo mwekundu, hata mapigo ya moyo wa mchezaji. Kila mpira uliporushwa, Mizani iliicheza mechi yote iliyobaki mara milioni nne kwa sekunde moja, ikahesabu nani ameshinda mara ngapi, kisha ikainamia upande wa mshindi. Ilipofika tisini na nane kwa mia, kengele ililia na mechi ikaishia hapo hapo. Rufaa hakuna.

Lazima ieleweke kwamba kriketi ya siku tano ni mchezo wa wavumilivu. Timu moja hurusha, nyingine hupiga, na anayerusha hawezi kushinda mpaka awatoe wapigaji kumi wa mwenzake. Akishindwa kuwatoa mpaka jioni ya siku ya tano, mechi ni sare, hata awe amemzidi kwa alama mia nne, zile wanazoziita mbio. Sare hiyo ndiyo iliyokuwa silaha ya wanyonge. Mashabiki wa zamani waliipenda kufa. Baraza la Siku Tano, lililousimamia mchezo huu duniani, liliiona kuwa upotevu wa maji, umeme na muda wa watu, ndipo likaagiza Mizani.

Kabla yake, vigogo wa kriketi walipanda na kushuka. Mwaka huu Uhindi juu, mwakani Afrika Kusini, mwaka wa tatu katokea mtu usiyemtarajia akawavua wote nguo. Tangu Mizani, miaka kumi na moja mfululizo, wa kwanza alikuwa Australia, wa pili Uhindi, wa tatu Uingereza, utadhani wamepigiliwa misumari. Baraza lilijisifu: mnaona mtambo wetu unavyojua? Na watu, kama kawaida yao, waliitikia amina.

Siku hiyo, ya nne, Australia ilikuwa ikiirushia Afrika Mashariki. Wenyeji walihitaji mbio mia tano. Walikuwa na mia moja sabini, na wapigaji sita walishatoka. Kushinda ilikuwa ndoto. Kilichobaki ni kusimama tu wasitolewe, jioni ile na kesho yake kutwa. Wakipata sare, wangebaki katika timu kumi bora. Wakishindwa, wangetolewa na kunyang'anywa haki ya kucheza siku tano, na tangu Mizani ianze hakuna timu iliyotolewa ikarudi.

Kengele ikalia. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya upole, kama ya kuita watu kwenye chai.

Kapteni wa Afrika Mashariki, Nahashoni Wesonga, hakuondoka. Alilisimamisha gongo lake la kupigia mbele ya wiketi, zile nguzo tatu anazozilinda mpigaji, akakanyagakanyaga udongo kwa kiatu kama mtu anayejiandaa kwa mpira unaofuata.

Mwamuzi Ghati Marwa akamsogelea. Zamani mwamuzi alikuwa na kazi nyingi. Siku hizi ilikuwa imebaki moja, kuviondoa vijiti viwili vidogo vinavyokaa juu ya wiketi, ishara kwamba mchezo umekwisha.

"Kapteni, kengele imelia."

"Nimeisikia, mama. Lakini mimi sijatoka."

"Umetolewa."

"Na nani? Mpira umegonga nguzo zangu? Kuna mtu ameudaka? Nionyeshe aliyenitoa nimpe mkono, niende zangu."

"Mizani imekutoa, baba."

"Mizani haijashika mpira tangu izaliwe."

Nzi-jicho walizibeba sauti hizo mpaka kwenye vipaza sauti, na jukwaa la mashariki likaangua kicheko. Watu waliokuwa wamekunja mikeka wakaikunjua. Voi ni jiji la ubishi. Nusu ya wakazi wake walipanda huku bahari ilipowafukuza Mombasa, na mtu aliyekwisha kubishana na bahari hatishwi na kengele.

Kapteni wa Australia, Callum Treloar, alikuja akiuchezea mpira mkononi. Alisema kitu, na mkalimani-sikio akakitoa kwa Kiswahili kilichonyooka mno.

"Mwamuzi, nami sijashinda. Nimeshinda mechi arobaini na mbili nikiwa kapteni. Mpigaji wa mwisho nimemtoa mara sita tu. Zilizobaki nilipewa na kengele. Sijui mpira unafanya nini siku ya tano kwenye udongo kama huu. Ninataka kujua."

Ghati Marwa aliwatazama wote wawili. Sheria ya zamani ilikuwa haijafutwa, kwa uvivu tu wa waliopaswa kuifuta: mwamuzi haondoi vijiti ikiwa makapteni wote wawili wanataka kucheza. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Basi rusheni," alisema. "Mnanichelewesha."

Juu, katika chumba cha vioo, mjumbe wa Baraza, Kombo Shali, alikuwa amesimama wima. Alikuwa mtu mpole, nadhifu, mwenye tabia ya kuwaita "mwanangu" hata watu wa rika lake. Akavuta kipaza sauti.

"Kapteni Wesonga, mwanangu. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani."

Wesonga aliliinua gongo kuelekea kioo. "Walisema kweli, mzee. Nitakubali nikishindwa. Bado!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo. Shali akamgeukia mhandisi aliyeketi mezani. "Fungua maji. Loweka uwanja, tuone watacheza wapi."

Mabomba ya uwanja hayakufunguka ila kwa vidole viwili pamoja, cha mjumbe na cha mhandisi mkuu. Mhandisi huyo, Wakesho Mwadime, ndiye aliyeibuni Mizani akiwa na miaka ishirini na sita. Aliiweka mikono yake mapajani.

"Hapana, mheshimiwa."

"Unasemaje?"

"Nasema nataka kuona."

Kusema kweli, haukuwa ushujaa. Ilikuwa hamu ya kazi. Mtambo wake ulikuwa umesema tisini na nane kwa miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuuliza kinachotokea baadaye. Shali alimtishia kazi, akamtishia jina, mwisho akaketi pembeni kupiga simu. Wakesho akafungua kumbukumbu na kuuliza: tangu kengele ianze, timu ngapi zimeelemewa hivi zikanusurika? Mtambo ukajibu: katika mechi mia tatu na kumi na tano, hakuna.

Sifuri safi namna ile ilimshtua, kama mpishi anayeonja mchuzi asisikie hata dalili ya chumvi. Akateremka ndani zaidi, amri juu ya amri, mpaka jua likashuka nyuma ya vilima vya magharibi na wachezaji wakaenda kupumzika, waliotolewa wakiwa bado sita. Hapo akaikuta. Ilikuwa mstari mmoja tu, na mwandiko ni wake.

Mechi iliyokatizwa na kengele haikuwa na matokeo. Mahali pa matokeo palibaki wazi, na mtambo hukataa kujifunza penye wazi. Ilikuwa Ijumaa, na uzinduzi ni Jumatatu. Wakesho akaandika: palipo wazi, jaza kwamba aliyeelemewa ameshindwa. Alikusudia kurudi kuusahihisha mstari huo wiki iliyofuata. Hakurudi. Basi miaka yote ile Mizani ilisimamisha mechi, ikajiandikia kwamba ilibashiri kweli, kisha ikajisoma na kujiamini zaidi. Ilikuwa mwanafunzi anayejisahihishia mtihani, na mwalimu wake alikuwa ameondoka darasani.

Alizifuta zile zilizojazwa, akabakiza mechi zilizochezwa kweli, za enzi ya kabla ya kengele, akapima upya. Waliofikia hali hii na kunusurika walikuwa mmoja katika tisa.

Mmoja katika tisa. Alizisoma zile mechi mia tatu na kumi na tano akihesabu kwa vidole kama mtoto. Thelathini na tano hivi kati ya zile timu zilizotumwa nyumbani zingesimama. Zimbabwe, Ayalandi, Bangladeshi, Nepali, timu zilizoporomoka kwa kengele mojamoja mpaka vijana wao wakaacha kulishika gongo. Zipi kati yake? Hilo halingejulikana tena milele. Wakesho aliona aibu, aibu ya kweli inayowasha masikio.

Asubuhi ya siku ya tano uwanja ulijaa mpaka ngazini. Wengi waliokuja hawakuwahi kuiona siku ya tano maishani mwao, na hawakujua hata waje na chakula kiasi gani. Udongo wa Voi ulikuwa umepasuka. Mpira uliotua penye ufa uliruka kifuani. Uliotua sentimita mbili pembeni ulitambaa chini kama panya. Nzi-jicho walipima na kupima, na mkono wa Mizani ukawa unatetemeka, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

Wesonga alikula mipira. Hakuna neno jingine. Ilimpiga mbavuni, begani, kwenye vidole; aliuua mpira mmoja mmoja mbele ya miguu yake, saa baada ya saa, na kila aliouua watu walipiga makofi mara moja tu, pa! Kufikia chakula cha mchana walitoka wawili. Treloar alirusha mwenyewe mpaka shati likamganda mgongoni, na kila mara alipopita karibu na Wesonga walitazamana na kucheka kama watu waliogundua mahali pazuri.

Saa tisa na robo Wesonga akatolewa, amedakwa, halali kabisa. Akaingia mpigaji wa mwisho, Dalvir Sagoo wa Kisumu, mtu hodari wa kurusha na asiyejua kupiga hata mbu. Sagoo alisimama na mpigaji mwenzake aliyebaki, mlinda wiketi wa timu yao, saa moja na dakika arobaini. Mama mmoja jukwaani alikuwa amejifunika kanga usoni na kumtaka jirani yake amsimulie.

Zilibaki ova mbili. Mipira kumi na miwili. Treloar akarusha, mpira ukatua penye ufa, haukuruka. Ulipita chini ya gongo la Sagoo na kuing'oa nguzo ya katikati.

Hakuna kengele iliyolia. Ghati Marwa aliviokota vijiti chini, akaviweka mfukoni. Treloar aliketi palepale kwenye nyasi na kufunika uso kwa kofia, na hakuna aliyeweza kusema kama analia au anacheka. Kisha Voi nzima ikasimama ikapiga makofi, kwa wote.

"Umeona sasa?" Kombo Shali alisema chumbani, sauti imerudi kuwa ya upole. "Mizani ilisema jana, leo imekuwa. Yamekwisha, mwanangu. Nami nitasahau habari ya maji."

Na kweli yalikuwa yamekwisha, kama Wakesho angetaka. Mtambo umeonekana mkweli mbele ya dunia. Nani angechimba mstari mmoja wa miaka kumi na moja? Lakini Wakesho akazipeleka hesabu zote, na jina lake juu yake, kwa kila timu iliyowahi kupigiwa kengele. Kwa hilo hakikuhitajika kidole cha pili. Akamwachia Shali chumba, akashuka.

Wesonga alikuwa kwenye benchi, barafu mbavuni. Wakesho alimweleza yote bila kuremba, amesimama, kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Na ile ya Bulawayo?" Wesonga aliuliza. "Mwaka wa kwanza wa kengele. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mbio themanini na tatu. Ilipolia nilitoka mbio, kama mtoto aliyeitwa kula. Mwenzangu Barasa alisema, basi, kumbe sisi si watu wa mchezo huu. Hakucheza tena."

"Sijui. Sitaweza kukwambia kamwe. Mmoja katika tisa."

"Ningemchukua huyo mmoja!" Sauti ilimtoka kali mpaka Sagoo akageuka. "Hata angekuwa mmoja katika mia, alikuwa wetu. Ulitunyang'anya, dada."

"Niliwanyang'anya," Wakesho alisema. "Ndiyo."

Ndipo Wakesho akatoa lile aliloshuka nalo. "Usiku huu naandika upya kumbukumbu, kabla Baraza halijanifungia mlango. Mechi zote zilizokatizwa na kengele zinabaki wazi, bila mshindi. Na hii ilipigiwa kengele jana. Nikiiacha wazi kama zile nyingine, hamtoki kwenye kumi bora. Hakuna atakayenilaumu."

Sagoo alimtazama kapteni wake. Uwanjani wachezaji wa Australia walikuwa bado wanazipiga picha zile nyufa.

Wesonga aliitoa barafu mbavuni, akasimama kwa shida.

"Zile nyingine ziache wazi. Hii usiiguse," alisema. "Andika tumeshindwa."

"Kapteni, mtatolewa."

"Watutoe, tutabisha hodi. Lakini kwa miaka kumi na moja hii ndiyo mechi ya kwanza tuliyoshindwa wenyewe. Andika."

Wakesho akaandika.