Ramu ya Eliamini

Jua lilikuwa limeshaegemea bega la Meru nilipofika Tengeru kwa mama Blessing, na begi langu la bisibisi na mdomo wangu mpana. Enzi hizo kompyuta kuukuu za Ulaya zilikuwa zimeanza kumwagika Arusha kama mitumba, na mimi, niliyewahi kuosha vyombo Muscat na kupotea Lusaka, nikajiita fundi.

Kazi yenyewe ndogo. Hedwiga, mjane wa rafiki yangu Eliamini, alitaka mashine yake iongezwe ramu, vile vibao vyembamba vinavyoipa kompyuta pumzi. Shule ilimwahidi kazi ya kuchapa mitihani, na kwa kazi hiyo binti yake Blessing, aliyebaki naye peke yake, angesoma.

Nikachomeka ramu mpya. Nikawasha.

Pii... pii... pii.

Kioo cheusi.

Nikaichomoa, nikaisugua meno kwa kifutio, nikaihamishia tundu la pili. Pii... pii... pii. Ramu ya kisasa, mashine ya kizamani: haziivani.

"Shemeji, umeshindwa?"

"Mimi? Inaringa tu hii." Nikachungulia chumba cha ndani. Kompyuta ya marehemu, pacha wa ile, ilikuwa imefunikwa kitenge. "Tuazime ya Eliamini."

"Ukoo haujakaa kugawa vitu vyake. Haviguswi, shemeji."

"Kibao kama biskuti! Kwani huko aliko atachapa nini?"

Nilicheka peke yangu.

Nikakichomoa. Kilikuwa cha moto. Na mashine ile haikuwashwa tangu msiba...

Nikakichomeka kwenye ya Hedwiga. Namba zikapanda kwenye kioo, vizuri kabisa, halafu zikagoma. Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebuleni.

Pii.

"Abee, baba," akaitika Blessing.

Alikuwa sakafuni anachora. Akaweka penseli. Akasimama.

"Nani kakuita?" mama yake akanong'ona.

Pii.

"Abee, baba. Nakuja."

Akaelekea mlango wa nyuma, kwenye migomba, kwenye kaburi la Eliamini. Hedwiga akamkumbatia kiunoni; mtoto akamburuta kama anavuta kanga. Nikazima mashine. Pii. Nikang'oa waya ukutani. Pii. Nikachomoa ramu, ikaniunguza vidole.

Pii.

Ilikuwa inalia kiganjani mwangu.

Nikakimbia kuirudisha chumba cha ndani. Haikuingia. Tundu ilimotoka sasa hivi, haikuingia! Nikasukuma, nikabembeleza, nikaanza Baba Yetu, nikaisahau katikati.

Mayowe ya Hedwiga yalimleta Aminieli, kaka wa marehemu, kutoka ng'ambo ya mfereji. Tulimkuta Blessing kaburini, amelaza sikio kwenye udongo.

"Nani amegawa kabla yetu?" akauliza Aminieli, akiitazama ramu inayolia mkononi mwangu.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichuma jani la isale, jani la kuombea msamaha, akaifungia ramu ile ndani yake, akaifukia kaburini huku akinong'ona Kimeru. Mlio ukakoma.

"Amesamehe, mzee?"

"Nimemwomba." Akapangusa mikono. "Hajajibu."

Tulimbeba Blessing ndani. Hedwiga akafunga mlango wa nyuma, akashusha komeo. Mtoto akafumbua macho.

"Mama, usifunge," alisema taratibu. "Baba bado yuko njiani."

Hedwiga akanitazama mimi. Fundi. Nikakaa naye sakafuni, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa mtoto, tukausikiliza mlango.

Komeo likaanza kutikisika.