Kaburi la Mgomba

Zamani hizo, kabla bunduki hazijafika upande wa magharibi wa Ziwa, falme mbili zilitazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto Kyaboro: Bugara kusini, Kishuro kaskazini. Ziligombania malisho ya bondeni mwaka baada ya mwaka, na kila Mukama, ndivyo walivyomwita mfalme, aliamini kwamba nyasi zile ziliota kwa ajili ya ng'ombe wake peke yake. Watu walikufa kwa ajili ya nyasi. Sina neno zuri zaidi la kulipamba jambo hilo.

Rwekaza wa Bugara alikuwa mbeba ngao wa mstari wa mbele, mtu mrefu, mchache wa maneno, aliyevaa nguo ya magome ya mti iliyofungwa begani. Siku ya tatu ya vita, watu wa Bugara walipozidiwa na kurudi nyuma, ngoma ya kikosi chao ilikwama kivukoni, mto ukiwa umefurika. Rwekaza aligeuka peke yake. Akasimama kwenye matope, ngao mkono wa kushoto na mkuki wa kulia, akawazuia adui mpaka ngoma ikavushwa. Wenzake walimwona kutoka ng'ambo akichomwa pajani, wakamwona akianguka, na maji yakapafunika mahali pale. Ngoma ilifika nyumbani salama. Nyimbo za kikale, yaani makao ya Mukama, ziliisifu kwa miaka mingi, wala hazikumtaja aliyeiokoa.

Huko Bugara, mtu aliyefia mbali na maiti yake isipatikane hakuachwa bila kaburi. Jamaa walikata shina la mgomba lenye kimo chake, wakalivika nguo ya magome, wakalilia siku nne, kisha wakalizika mbele ya nyumba. Tangu hapo jina lake halikuitwa tena hadharani, maana kumwita aliyezikwa ni kuikaribisha mauti mlangoni. Lakini desturi hiyohiyo iliagiza subira: mavuno mawili ya mtama yapite kwanza.

Kokwijuka, mke wa Rwekaza, hakuweza kungoja hata moja. Hawakuwa na mtoto. Nyumba ya msonge waliyoijenga pamoja ilimwelemea, na kila mvua iliponyesha alimwona mumewe kwenye matope ya mto, roho yake ikitangatanga bila mlango wa kuingia.

"Tungoje, shemeji," alimsihi Byabato, kaka mkubwa wa Rwekaza. "Hakuna aliyeiona maiti."

"Walimwona akianguka, Ta Byabato." Ta ni neno la heshima kwa mwanamume wa huko. "Mimi nalala pakavu, yeye ananyeshewa. Wewe unaweza kula ukashiba?"

"Siwezi. Lakini ni haraka mno."

"Basi kama huziki, nitazika mimi."

Akazika yeye. Kimo cha mumewe alikijua bila fimbo: kichwa chake kilimfika Rwekaza kidevuni. Alikata mgomba mwenyewe, akauvika nguo nzuri kuliko zote zilizokuwamo ndani, akanyoa nywele, akalia siku nne. Watu walikuja wakatafuna buni, wakanywa pombe ya ndizi, wakasema mwanamke huyu kweli alimpenda mumewe. Hawakukosea. Usiku wa siku ya nne alilala usingizi mzito, mara ya kwanza tangu vita.

Na Rwekaza alikuwa hai.

Watu wa Kishuro walimwopoa mtoni akiwa amezirai. Mateka walikuwa kumi na mmoja, wakafungiwa kwenye ua mmoja chini ya mlinzi mzee aitwaye Kazoba, wakapewa kazi ya kugonga magome ya mti kwa nyundo za mbao mpaka yalainike yawe nguo. Paja la Rwekaza lilipona kombo. Alichechemea vibaya, na kila masika kidonda kilifumuka upya kikatoa usaha.

Wenzake walipiga soga, wakaimba, wengine wakajifunza kuwatania walinzi kwa lugha yao. Rwekaza aligonga magome. Alizungumza na mmoja tu, kijana wa kijijini kwao aitwaye Tibenda, na mazungumzo yao yalikuwa yaleyale: siku ya kubadilishana mateka. Ilijulikana siku hiyo inavyokwenda. Mpiga mbiu wa nchi yako husimama upande wa kwenu, akakuita kwa jina lako, jina la baba yako na sifa zako, nawe ukivuka mto umekuwa mtu tena. Mpiga mbiu wa Bugara alikuwa Mpanju.

"Mpanju akiniita mimi atapata taabu," Rwekaza alisema siku moja. "Sauti yenyewe kama ya mtu anayetaka kupiga chafya."

"Ataita tu, Ta Rwekaza. Na sifa zako ni nyingi. Tutakaa pale mpaka jua lichwe."

"Mimi jina moja linanitosha. Kuna mtu anangoja nyumbani."

Mwaka wa pili mfalme wa Kishuro alifariki, na aliyemrithi alitaka amani. Mateka wakapelekwa kivukoni asubuhi. Rwekaza alivaa nguo aliyoigonga mwenyewe, akajipaka samli, akasimama mbele kwa sababu alijua kwamba mguu utamchelewesha.

Mpanju akaita. Wa kwanza akavuka, wa pili akavuka. Tibenda aliitwa wa tisa. Baada ya wa kumi, Mpanju alishusha fimbo yake.

Tibenda, akiwa katikati ya maji, aligeuka. "Ta Mpanju! Bado Rwekaza! Huyu hapa, humwoni?"

Mpanju alimwona. "Rwekaza alizikwa," akasema. "Nilikuwa matangani mwake. Siwezi kumwita aliyezikwa, na asiyeitwa havuki. Akiingia majini hawa watamchoma mikuki wakidhani ni mzuka."

Nyuma yake askari wa Bugara walikuwa wamekwisha kuinua mikuki, na wawili kati yao walikuwa binamu za Rwekaza. Rwekaza aliuliza neno moja tu.

"Nani alinizika?"

"Mkeo," Mpanju akajibu. "Kabla ya mavuno."

Rwekaza akatikisa kichwa polepole, akageuka, akatangulia mbele ya walinzi kurudi uani. Kumi walikwenda nyumbani. Yeye akabaki katika ule ua wote peke yake, na nyundo kumi zisizo na wagongaji.

Tibenda hakupita kwao kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Kokwijuka, akamkuta akipalilia kando ya kaburi, akamweleza yote. Kokwijuka hakupiga yowe. Aliketi chini hapohapo kwenye udongo.

"Nimemfungia mlango mimi," akasema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Kesho yake alikuwa kwenye lango la kikale, mbele ya Katikiro, waziri mkuu wa Mukama.

"Aliyezika ndiye mwenye haki ya kufukua," Katikiro alimwambia, "lakini ni kwa idhini ya Mukama, naye yuko mawindoni. Ngoja."

Aliambiwa angoje, yeye aliyeshindwa kungoja. Akakaa langoni siku thelathini na nane, mvua ikimwishia mgongoni, wapambe wakimruka kama gogo. Byabato alimletea ndizi za kuchoma kila baada ya siku tatu. Hata mara moja hakumwambia, "Nilikuambia." Mungu amrehemu kwa hilo.

Siku ya thelathini na tisa idhini ikatoka, kwa sharti kwamba yaliyomo kaburini yaletwe yaonekane. Kokwijuka alichimba kwa jembe lake, kisha kwa kucha. Hapakuwa na shina tena, palikuwa na nyuzi nyeusi zilizooza na kipande cha nguo ya magome. Akazikusanya zote katika kikapu, akazimwaga mbele ya Mukama.

"Bwana wangu, mume wangu hayumo humu. Niliuzika mgomba. Nipe mpiga mbiu."

Mukama alizitazama zile nyuzi kwa kitambo, kisha akampa.

Walitembea siku mbili, Kokwijuka mbele, Mpanju na Byabato nyuma wakihema. Walipofika kivukoni walipiga pembe, na ng'ambo akatokea mzee peke yake. Alikuwa Kazoba. Aliwasikiliza, akavua kofia yake ya ngozi.

"Mmechelewa," akasema kwa sauti ya kuvuka maji. "Amekufa. Leo ni siku ya tisa. Mguu ulifumuka, homa ikapanda."

Byabato akashika kichwa. Kokwijuka aliuliza, "Alinilaani?"

"Hapana, mama. Siku moja aliniuliza kama naona mgomba wake ulikatwa mrefu wa kutosha. Nikamwambia mke hakosei kimo cha mumewe. Akacheka. Akasema, 'Aliona nanyeshewa.' Basi. Tumemzika juu ya kilima, na nguo yake mwenyewe."

Yaliyofuata yametunzwa na ukoo wa Byabato, kwa kuwa Mpanju aliona haya kuyasimulia. Kokwijuka alimgeukia, akamwomba amwite Rwekaza.

"Ma Kokwijuka," Mpanju akasema, "sasa amekufa kweli. Siwezi."

"Basi nipishe."

Hakuna mwanamke aliyewahi kuita kivukoni. Aliingia majini mpaka magotini, akanyoosha mgongo, akamwita: Rwekaza, mwana wa Kahigi, mjukuu wa Mulinda, aliyesimama hapa peke yake, njoo nyumbani. Kazoba, kule ng'ambo, alijisogeza kando akaiacha njia wazi.

Kisha Kokwijuka akangoja. Byabato alimgusa bega waondoke, akakataa. Akasema wampe muda, anachechemea.