Vazi la Njano Lisilopauka

Maiti ya binti ilikuwa imefunikwa shuka hadi kidevuni. Miaka kumi na mmoja, bingwa wa kuogelea. Haikuwa na jeraha lolote.

"Aliharisha damu, kisha figo zikagoma," daktari alisema. "Bakteria wa kinyesi. Wenzake wawili wako wodini, na wote ni wa bwawa moja."

"Alikunywa maji ya bwawa?"

"Mtoto gani anaogelea bila kuyameza, Afande?"

Inspekta alitoka amekunja ndita. Kwenye benchi nje, mama wa marehemu alikuwa amekumbatia vazi la njano la kuogelea.

"Pole sana, mama."

"Pole hainirudishii mtoto!" Akamtupia lile vazi. "Si mpelelezi wewe? Litazame! Kila muhula nilinunua jipya, maana dawa ya bwawa inayapausha. Hili tangu likizo lina rangi ile ile ya dukani. Nami nikajisifu kwamba nimepata kitambaa cha maana. Mjinga mimi!"

Inspekta alilinusa. Hakuna hata chembe ya harufu ya klorini. Damu ikamchemka.

Bwawani alikuta mashindano yanaanza. Watoto walikuwa wamejipanga ukingoni, miwani usoni, wakingoja filimbi ya kocha.

"Asiingie mtu!" alinguruma.

"Afande, maji yenyewe kama kioo," kocha alicheka. "Au tukuazime kaptura nawe ujirushe?"

Mtaalamu wa maabara aliyefuatana na Inspekta alichovya kijiti cha kupimia klorini. Kilipaswa kubadilika rangi. Kilibaki cheupe. Ndani ya stoo, ndoo za dawa zilikuwa zimejaa pomoni, mihuri haijaguswa.

"Nani anatia dawa hapa?"

"Mimi," kocha alisema.

"Mara ya mwisho lini?"

"Kabla ya likizo."

"Kwa nini uliacha? Dawa unayo!"

Kocha aliivua filimbi shingoni. "Mwanangu ana pumu. Klorini inambana kifua. Kila shindano alikuwa wa pili, nyuma ya yule binti. Nikaona akifanya mazoezi bila klorini, atapumua, atashinda. Ashinde mara moja tu, Afande."

"Na kinyesi kilitoka wapi?"

"Kuna katoto ka darasa la wadogo kalijiharishia majini. Nikakichota kwa wavu. Maji yakawa safi."

"Safi! Vijidudu unavichota kwa wavu? Hukufunga bwawa. Hukutia dawa. Hukuwaambia wazazi. Ulipomsikia yule binti anaumwa ulifanya nini?"

"Nilinyamaza."

"Ukanyamaza, na leo umewapanga wengine!"

Inspekta alitoa pingu. Ndipo alipoutazama tena ule mstari wa watoto.

"Mwanao yupi hapa?"

Kocha aliizungusha filimbi mkononi.

"Nakuuliza, bingwa wako yuko wapi?"

"Nyumbani. Anaharisha tangu jana. Asubuhi niliona damu. Nimemfungia ndani, kwa sababu nikimpeleka hospitali wataniuliza ameogelea wapi."

Pingu zilianguka sakafuni. Inspekta alimkwida kocha kola, akamburuta kuelekea kwenye gari.

"Nyumba ipi?" alifoka. "Sema, baba gani wewe! Nyumba ipi?"